Mapango yetu na mbwa aliyetokea Kilimanjaro

Kama ulisoma Tanga, au uliwahi kupakiwa kwenye basi la shule kwenda kutembelea Mapango ya Amboni, hadithi hii unaijua. Wazungu wawili waliingia pangoni na mbwa wao, hawakutoka tena. Baada ya muda mrefu mbwa akaonekana Kilimanjaro, kakonda, ulimi nje. Wazungu ndiyo basi tena. Mwingine atakuambia sivyo, pango linatokea Mombasa. Na wapo wanaosema linatokea kote kuwili.

Leo nataka kuongea kuhusu huyo mbwa, kwa sababu amenichosha.

Hajanichosha kwa kuwa ni hadithi. Hadithi nazipenda, nimelelewa nazo. Amenichosha kwa kuwa kila anapofika yeye, swali linakufa. Mtoto anasimama mbele ya tundu kubwa kuliko nyumba yao, tundu lililo ndani ya jiwe gumu, anataka kuuliza: hili nani kalichimba? Kabla hajafungua mdomo anapewa mbwa. Anacheka, anapiga picha, anarudi kwenye basi. Kesho akiwa mtu mzima anawapa wanawe mbwa yuleyule.

Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja (simtaji, mjini kugumu) wazo la makala kuhusu namna mapango yanavyotokea. Akaniangalia kwa huruma. "Dogo, mawe hayauzi gazeti. Kuna mzimu hapo? Kuna mtu kafa?" Nikasema hakuna. Akasema basi hakuna stori.

Hapa sina mhariri. Kwa hiyo leo tutaongea mawe.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Kutoka Tanga mpaka Mlima Kilimanjaro ni karibu kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1994 timu ya watafiti wa Kijerumani na Kituruki ilipima mapango kumi ya Amboni, na refu kuliko yote halikufika kilomita moja. Hiyo peke yake ingetosha kumaliza mjadala, lakini ubishi wa kwetu unaujua: "Hawakufika mwisho, waliogopa." Haya, tuachane na futi kamba, tuyaulize mawe. Amboni ni mwamba wa chokaa, uliojengeka chini ya bahari zama za dinosaria, kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita. Ukiondoka pwani kwenda bara chokaa hiyo inakwisha mapema, unaingia kwenye milima ya Usambara na baadaye Pare, ambayo ni miamba mingine kabisa, ya zamani zaidi, iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi mpaka ikawa migumu ajabu. Hiyo maji hayaiyeyushi. Halafu Kilimanjaro wenyewe ni volkano, yaani jiwe la tatu tofauti. Mbwa wetu angehitaji handaki moja linalopita kwenye aina tatu za mawe ambazo kila moja ina tabia yake ya kutoboka, au ya kukataa kutoboka.

Hapo ndipo penyewe. Mapango hayatokei popote wala vyovyote. Kila jiwe lina namna yake ya kupata tundu.

Chokaa kwanza, kwa kuwa ndiyo ya Amboni. Chokaa inaliwa na maji. Siyo maji kuipiga kwa nguvu, hapana, kuila kabisa, kama sukari, ila taratibu mno. Mvua ikinyesha inabeba hewa ya kaboni kidogo kutoka angani, na ikipita kwenye udongo wenye majani yaliyooza inabeba nyingi zaidi. Hewa hiyohiyo ndiyo inayotia povu kwenye soda. Ikiwa ndani ya maji inayafanya kuwa asidi dhaifu, huwezi hata kuionja. Lakini kamulia ndimu juu ya ganda la yai uone linavyotoa mapovu: ndimu ni kali zaidi, kanuni ni moja. Maji hayo yanaingia kwenye ufa mwembamba kama unywele, yanaupanua, yanapita mengi zaidi, yanazidi kuupanua. Baada ya maelfu na maelfu ya miaka ufa umekuwa mfereji. Mto unapokata bonde lake chini zaidi, maji ya ardhini nayo yanashuka, mfereji unabaki mkavu, hewa inaingia, na siku moja mtu anakuja na tochi na kusema amegundua pango.

Ukiwa ndani unaona kazi ya pili, ambayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Tone la maji linafika kwenye dari likiwa limebeba chokaa. Likikutana na hewa ya pango, ile hewa ya soda inatoka, maji yanashindwa kubeba mzigo, yanaacha chembe moja ya chokaa darini. Tone linalofuata hivyohivyo. Ndiyo zile nguzo na vile vijiti vya mawe vinavyoning'inia, ambavyo watu huvipa sura ya mamba, kochi na Bikira Maria. Huna haja ya kwenda mbali kuyaona haya: angalia ukoko mweupe ndani ya sufuria ya kuchemshia maji ya kisima. Ni jambo lilelile, ila la jikoni lina haraka kwa sababu ya moto. La pangoni mara nyingi halifiki hata milimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo yule kijana anayevunja kipande ili aweke kwenye kabati la televisheni anaondoka na kitu kilichoanza kabla ya babu wa babu yake kuzaliwa. (Halafu kikifika nyumbani ni jiwe la kawaida, hata halipendezi.)

Kuna kosa moja linarudiwarudiwa, nimelisoma mara nyingi: kwamba mapango ya Amboni yana umri wa miaka milioni 150. Hiyo ni miaka ya mwamba. Pango la chokaa siku zote ni changa kuliko jiwe lake, tena kwa mbali, kama shimo la panya lilivyo changa kuliko ukuta.

Sasa geukia upande wa pili, ambako pango na jiwe vinazaliwa siku moja.

Umewahi kuacha uji kwenye kikombe? Ukipoa kidogo juu unafanya utando, lakini weka ulimi uone: ndani bado unaunguza. Lava ni hivyo. Inatoka ardhini ikiwa na joto la nyuzi 1,100 au zaidi, kama ni ya ile aina laini inayotiririka. Inajitafutia njia kama mto. Pembeni inaganda kwanza, inajijengea kingo. Halafu juu panafanya utando, utando unakuwa gamba, gamba linakuwa dari. Sasa mto wa moto umejifunika. Na jiwe ni blanketi zuri sana; huko Hawaii walikopima, lava inayopita ndani ya handaki hupoteza kama nyuzi moja tu kwa kila kilomita. Ndiyo maana inaweza kwenda mbali bila kuganda. Mlipuko ukikoma kule juu, lava iliyomo ndani inaendelea kuteremka, inatoka mdomoni, na nyuma yake linabaki bomba tupu. Hakuna aliyechimba. Dari lilijengwa kwanza, chumba kikafuata.

Kazi ambayo kwenye chokaa inachukua maelfu ya miaka, hapa inaweza kukamilika ndani ya majuma au miezi. Ukutani unaona mistari ya usawa lava ilipopumzika ikishuka, kama alama za maji kwenye pipa. Darini kuna vidole vya mawe pia, lakini siyo vya matone ya chokaa. Ni jiwe lenyewe liliyeyuka likaganda likiwa linadondoka. Na mahali dari lilipoporomoka kuna tundu la mwanga, ambalo mara nyingi ndilo mlango.

Siyo kila volkano inaweza. Lava nzito, ile inayokwenda kama ugali, haifanyi bomba. Inatakiwa ile nyepesi. Ndugu zetu wa Goma wanaijua lava nyepesi kwa machungu, maana Nyiragongo iliwamwagia mwaka 1977, 2002 na 2021. Na sisi Tanzania tuna ya ajabu kuliko zote: Ol Doinyo Lengai, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina ya magadi. Ina nyuzi 500 mpaka 600 tu, inatiririka kama oili chafu ya gari, nyeusi, halafu ikikaa siku chache inageuka nyeupe. Hata hiyo hutengeneza vijibomba vyake pale kileleni. Wanasayansi wanatoka mabara yote kuja kuiona. Sisi tunaijua zaidi kwenye kalenda.

Mahandaki ya lava yamejaa upande huu wa dunia. Musanze kule Rwanda kuna la kilomita mbili hivi, limetokana na lava ya Virunga. Mlima Suswa, hapo Kenya, si mbali na Nairobi, una mtandao mzima, na kwenye ukumbi mmoja nyani hulala kwa makundi. Watu wamepaita bunge la nyani, utani ambao nadhani hauhitaji maelezo kwa mtu yeyote anayefuatilia vikao. Na kwenye Vilima vya Chyulu, kati ya Nairobi na Mombasa, kuna handaki la zaidi ya kilomita 11, lililochunguzwa miaka ya 1970. Walilipa jina Leviathan, lile dude la baharini la kwenye Biblia.

Hapo kwenye majina nisimame kidogo, maana pananiuma.

Ukisoma jiolojia popote duniani, Japani, Urusi, Brazili, lava laini yenye mikunjo kama kamba inaitwa pahoehoe, na ile ya mabonge makali inaitwa aa. Hayo siyo maneno ya Kiingereza wala Kilatini. Ni ya watu wa Hawaii, visiwa vidogo katikati ya bahari. Walikuwa wakiitazama lava yao, wakatofautisha hii na ile, wakaipa kila moja jina, na dunia nzima ikaazima. Neno la kitaalamu la mandhari ya chokaa, kasti, limetokana na Kras, eneo dogo la Slovenia na Italia. Na wale mliosoma jiografia ya sekondari mnakumbuka maneno mawili ya ajabu ya nyufa na vibao vya chokaa tuliyokariri usiku kucha kwa ajili ya mtihani. Ni lahaja ya wakulima wa kaskazini mwa Uingereza. Nani alitwambia? Tuliyameza tu, na huku mtu wa Tanga anatembea juu ya chokaa hiyohiyo kila siku na saruji ya mji inatengenezwa nayo.

Sisi tumechangia nini? Kule Tsavo Magharibi kuna uwanja mkubwa wa lava nyeusi, wa juzijuzi tu kwa hesabu za mawe. Unaitwa Shetani. Inasemwa watu walioona moto unatembea ardhini usiku waliamini ibilisi mwenyewe katoka. Siwalaumu hata kidogo, ningekuwepo ningekimbia wa kwanza. Wahawaii nao wana mungu wao wa volkano, Pele, na wanamheshimu mpaka leo. Tofauti ni kwamba wao walimheshimu Pele na bado wakaendelea kuangalia. Sisi tumebakiza shetani, kuangalia tumewaachia wageni.

Na wageni wanaangalia kweli. Mwaka 2009 chombo cha Japani kilichokuwa kinazunguka mwezi kilionyesha tundu ambalo wataalamu walidhani ni dari la handaki la lava lililoporomoka. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba kivulini ndani ya mashimo ya namna hiyo joto hubaki karibu nyuzi 17, wakati nje mchana panaunguza na usiku panagandisha vibaya sana. Mwaka 2024 watafiti waliotumia data za rada wakaonyesha dalili nzuri za njia ya chini kwa chini iliyoungana na shimo moja la hukohuko. Wanafikiria watu watakaokwenda kukaa kule wajibanze humo. Wanaanga wa Ulaya wanapelekwa Lanzarote, kisiwa cha Hispania, kujifunza mawe ya volkano na mahandaki ya lava. Suswa ipo palepale na nyani wake.

Sasa kabla hamjaniita mzungu mweusi, niseme hili. Sina ugomvi na mizimu. Anayekwenda pangoni na ubani, asali na kitambaa chekundu ana mambo yake na wazee wake, na pango lenye mzimu mara nyingi limetunzwa kuliko pango lenye tiketi. Hakuna anayekata mti pale, hakuna anayeandika "Juma loves Asha" ukutani. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda imesimama mpaka leo kwa sababu hiyo, na mwaka 2008 ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Kule Kilifi kuna pango la Panga ya Saidi (panga kwa lugha za huko ni pango), pango la chokaa, ambalo wenyeji wameendelea kulitumia kwa ibada. Humo humo watafiti walikuta mwili wa mtoto wa miaka miwili mitatu, alilazwa kwa ubavu kama amelala, amezikwa kwenye shimo alilochimbiwa, miaka 78,000 iliyopita. Walitangaza mwaka 2021. Ni kaburi la zamani kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yaliyojulikana Afrika mpaka hapo. Walimpa jina la Kiswahili: Mtoto. Na chokaa ndiyo iliyosaidia kumhifadhi, kwa sababu udongo wenye chokaa hauli mifupa haraka kama udongo wa asidi. Imani na sayansi zimekaa humo ndani bila kupigana.

Ninayegombana naye ni mbwa. Mbwa siyo imani, ni uvivu. Na huu uvivu una bei, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Rudi kwenye Vilima vya Chyulu. Ukiviangalia ni kijani, mvua inanyesha, ukungu unakaa kwenye msitu wa juu. Lakini hakuna mto. Hata mmoja. Lava na majivu ya pale yana matundu na nyufa kiasi kwamba maji yote yanazama. Yanasafiri chini kwa chini, inakadiriwa kwa miaka kama 25, kisha yanajitokeza umbali wa kama kilomita 50 kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, safi mpaka unaona kiboko anavyotembea chini ya maji. Zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Sehemu ya maji hayo inaingia kwenye bomba na kwenda Mombasa. Siyo kwamba yanapita kwenye handaki la Leviathan kama treni. Yanapita kwenye nyufa na tabaka za lava. Lakini jiwe ni lilelile na kisa ni kilekile, cha volkano iliyojaa njia. Mtu wa Mombasa anayefungua bomba lake leo anakunywa, kwa makadirio hayo, mvua iliyonyesha kama robo karne iliyopita kwenye msitu ambao pengine hajawahi kuusikia. Ukikata msitu ule leo, bomba halitakwambia kesho. Litakwambia ukiwa na wajukuu. Wamasai wa Suswa wao wamesoma mlima wao vizuri: mvuke unaotoka kwenye nyufa wanauelekeza kwenye mabomba, unapoa, wanapata maji. Hao ndio waliouliza "kinatoka wapi, kinakwenda wapi".

Lakini Chyulu ni mbali na wengi wetu. Njoo pwani, njoo Unguja, Mombasa, sehemu za Tanga na Dar. Hapa tumejenga juu ya jiwe la matumbawe, ambalo nalo ni chokaa, tena lenye matundu kama mkate wa mofa. Shimoni, kule kusini mwa pwani ya Kenya, mji mzima umeitwa jina la tundu lake, pango ambalo lilitumika kufungia watumwa. Jambiani kuna pango la Kuumbi, ambamo watu walikaa miaka kama 20,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa imeshuka na Unguja imeungana na bara. Mapango ya matumbawe yapo kila mahali, makubwa yanayoonyeshwa watalii, na madogo yasiyohesabika chini ya vitanda vyetu. Na Unguja inakunywa maji ya ardhini. Sultani Barghash alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka Mji Mkongwe katika karne ya 19, na mpaka leo kisiwa kinategemea chemchemi, visima na mapango.

Sasa sikiliza jambo ambalo mtu yeyote aliyejenga kwenye jiwe la matumbawe anaweza kukuthibitishia. Fundi anachimba shimo la choo. Anapiga mtaimbo, mara unazama, kakuta mwina. Mwenye nyumba anafurahi kama kaokota dhahabu. Kwa nini? Kwa sababu choo hicho hakijai. Miaka kumi, ishirini, hajaita gari la kunyonya hata siku moja. Majirani wanamwonea wivu.

Hakijai. Vizuri. Vinakwenda wapi?

Kwenye mchanga, maji machafu yanajipenyeza polepole kati ya chembe, na njiani vijidudu vingi vinanaswa au vinakufa. Mchanga ni chujio. Chokaa yenye matundu siyo chujio, ni bomba. Kinachoingia huku kinaweza kutokea kule baada ya masaa, kikiwa vilevile kilivyoingia. Na kule pana kisima cha mtu, au kisima cha msikiti, au kisima kipya kirefu ambacho mfadhili kaweka kibao chenye jina lake. Sisemi kila kipindupindu kilichowahi kutupiga pwani kimetokea pangoni. Kipindupindu kina njia nyingi. Nasema tu kwamba kati ya njia zake, hii tunaijengea sakafu na mlango na kuisifia kwamba haijai.

Tunamjua mbwa aliyeingia Amboni mpaka kilomita 300 alipotokea. Choo chetu wenyewe, cha hapo uani, hatujui kinatokea wapi. Kumfuata mbwa hakutugharimu kitu, ndiyo maana.

Na ukitaka kujua, inawezekana. Ujerumani kuna mahali mto Danube unazama ardhini, kwenye chokaa, na kiangazi kikikolea unakauka kabisa. Umbali wa kama kilomita 12 kuna chemchemi kubwa iitwayo Aach. Watu wa mto huku na wenye viwanda vyao vya maji kule walikuwa wanagombana: maji haya ni ya nani? Mwaka 1877 profesa mmoja, Knop, akamwaga kilo 10 za rangi kwenye sehemu inapozama. Rangi isiyo na madhara, inayong'aa kijani. Baada ya kama saa 60, chemchemi ya Aach ikatoka kijani. Ubishi wa kwamba maji yameungana au hayajaungana ukaishia hapo. Mpaka leo wataalamu wa maji ya chokaa wanatumia njia hiyohiyo.

Kilo 10 za rangi, saa 60, miaka karibu 150 iliyopita. Nawaza wale wanafunzi wa kwenye basi. Badala ya kupewa mbwa wangepewa kikopo cha rangi, mwalimu wa kemia, mtu wa mamlaka ya maji mwenye kibali, na orodha ya visima na chemchemi za kuzunguka na chupa asubuhi na jioni. Wangejua maji yanayozama kwenye chokaa ya Tanga yanatokea kisima gani, baada ya masaa mangapi. Unguja ingekuwa bora zaidi, maana pale wakikuta kijani kwenye kisima cha mtaa kuna mtu lazima azibe choo chake, na tunajua ugomvi utakaozuka. Mhariri wangu angepata stori yake.

Kama kuna mwalimu anayesoma hapa, hasa wa Tanga, Kilifi au Unguja, na amewahi kujaribu kitu cha namna hii na wanafunzi, naomba aniandikie. Nauli ya kuja nitatafuta.